Kaboni ya Gari Imechakaa: Soma Dalili Kabla ya Kushika Msasa

Kabla hujanunua chochote, mwaga maji. Kipande chochote cha kaboni kilichofifia, kiwe boneti, spoila, kifuniko cha saidmira au ukanda wa dashibodi, kioshe kwa sabuni, kitazame kingali kimelowa, kisha kitazame tena kikishakauka. Ukimpelekea fundi wa rangi atakwambia, "Hii tunapiga klia tu, mkubwa, kesho unachukua." Huenda ikawa kweli. Mara nyingi si kweli, kwa sababu klia mpya juu ya ugonjwa wa chini huuficha kwa muda tu, na dalili zikirudi unakuwa na tabaka moja zaidi la kukwangua.

Kipande cha kaboni kina matabaka matatu. Chini kuna kitambaa cha nyuzi za kaboni, kile chenye msuko unaoonekana. Nyuzi hizo zimezamishwa katika rezini, kwa kawaida epoksi, ikaganda nazo zikawa kitu kimoja. Juu kabisa kuna klia, tabaka angavu linalong'aa na lenye kemikali za kuzuia miale ya jua. Nyuzi hazidhuriki na jua. Klia ndiyo inayoumia, na ikishachoka, epoksi iliyo chini yake hubaki wazi na kuanza kugeuka njano. Kwa hiyo swali ni lile lile kila mara: tabaka gani linaugua?

Huku kwetu jua halina mchezo. Mstari wa ikweta unapita Maseno, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, na Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi haizuii miale vya kutosha. Ongeza kwamba gari lililotumika huruhusiwa kuingia Kenya likiwa na umri wa hadi miaka 8, kwa hiyo klia ya kiwandani huwa imeshakula jua la Japani kabla ya kushuka Mombasa. Boneti zinazofungwa hapa hapa, kama zile utakazoziona kwenye Subaru zikielekea Naivasha wakati wa Safari Rally, zina shida nyingine: za bei nafuu huja na klia nyembamba tangu mwanzo.

Kwanza hakikisha ni kaboni

Vipande vingi vinavyoitwa kaboni ni plastiki. Kuna plastiki iliyobandikwa stika yenye picha ya msuko, na kuna plastiki iliyochovywa kwenye maji yenye utando wa picha kisha ikapakwa klia. Hii ya pili inadanganya zaidi kwa sababu haina ukingo wa kung'oka kwa ukucha. Ukiipiga msasa, picha yote inaondoka na maji, unabaki umeshika plastiki tupu.

Geuza kipande uangalie mgongo wake. Kaboni halisi huonyesha msuko, au mkeka wa faiba ya kioo. Plastiki huonyesha alama za kalibu na maandishi madogo ya kiwandani. Ila baadhi ya magari yana vipande vya ndani vyenye kaboni halisi juu ya mgongo wa plastiki, kwa hiyo usitoe hukumu kwa mgongo peke yake. Washa tochi ya simu uisogeze taratibu juu ya uso. Kwenye kaboni halisi miraba ya msuko hupokezana mwanga: iliyokuwa nyeusi inang'aa, iliyokuwa inang'aa inazima. Picha hung'aa yote kwa pamoja. Halafu chungulia kwenye kona. Picha iliyochovywa huvutika pale kipande kinapojikunja, miraba ikawa mirefu isivyo kawaida.

Mwenye mita ya umeme ya mkononi (multimita) ana jibu la haraka zaidi, kwa sababu kaboni hupitisha umeme. Gusisha ncha zote mbili kwenye ukingo uliokatwa au ndani ya tundu la skrubu, mahali nyuzi ziko wazi. Juu ya klia hutapata kitu, maana klia haipitishi.

Ujue pia kwamba boneti nyingi za bei ya chini zina tabaka moja tu la kaboni juu ya faiba ya kioo. Huo si ulaghai, lakini ukilitoboa tabaka hilo kwa msasa, chini yake hakuna msuko mwingine wa kukuokoa.

Imefifia ikiwa kavu, ikilowa weusi unarudi

Hapa una bahati. Maji yamejaza mikwaruzo midogo iliyo juu ya klia, mwanga ukaacha kutawanyika. Ugonjwa uko juu kabisa na haujashuka. Chanzo cha kawaida ni namna ya kuosha: vumbi kavu la Nakuru likifutwa kwa kitambaa kile kile kilichofuta magari mengine tangu asubuhi, klia inapigwa msasa kila wiki na mwenye gari analipia.

Bandika maskingi tepu kwenye kingo na matuta, kisha jaribu kompaundi (krimu ya kusugulia mikwaruzo) kwa mkono kwenye eneo la ukubwa wa kiganja. Ikirudi, endelea kipande chote. Isiporudi, tumia msasa wa maji namba 2000 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi), halafu 3000, halafu kompaundi, umalize na polishi. Usikimbilie namba 1000 eti umalize mapema. Klia ya kawaida ya gari ina unene wa mikroni 40 hadi 60 hivi. Karatasi ya kuandikia ni karibu mikroni 100. Huna akiba kubwa ya kukwangua. Ukitumia mashine ya polishi, usitue mahali pamoja, na kingo zifanye kwa mkono.

Ikiwa weusi unarudi vizuri lakini baada ya mvua chache umefifia tena, klia yenyewe imekufa na polishi inapaka tu mafuta juu ya maiti. Hapo nenda kwenye sehemu ya klia inayobanduka, hata kama bado haijabanduka.

Imegeuka njano, na maji hayabadilishi kitu

Kwa kipande cha ndani ya gari, anza na uchafu. Kioo cha mbele huzuia sehemu kubwa ya miale mikali, kwa hiyo ukanda wa dashibodi ukiwa wa njano, kwanza shuku moshi wa sigara na ile dawa ya kung'arisha dashibodi iliyopuliziwa miaka na miaka. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na kitambaa cheupe vitakujibu. Kitambaa kikitoka na rangi ya chai, umepona bila msasa.

Kwa kipande cha nje, uamuzi uko kwenye tope. Weka ndoo ya maji safi yenye matone machache ya sabuni. Funga msasa namba 1000 kwenye kipande bapa cha raba, piga mara chache kwenye kona iliyofichika, kisha usisuuze. Tazama kilichobaki kwenye msasa. Tope jeupe maana yake uko kwenye klia. Tope lenye njano maana yake klia yenyewe imegeuka, au umeanza kuingia kwenye epoksi. Tope likianza kuwa kijivu, kisha weusi ukatanda majini na kuingia kwenye mistari ya vidole vyako, umefika kwenye nyuzi. Simama hapo hapo.

Futa, lowesha, tazama. Kama pale ulipopiga pamerudi peusi safi na kando yake bado ni njano, ugonjwa ulikuwa kwenye klia na unaweza kuiondoa yote. Kama njano imebaki ile ile ingawa klia imeisha, epoksi ndiyo iliyoungua. Hakuna dawa ya kuirudisha. Unaweza kukwangua kidogo tabaka la juu la epoksi kama ni nene, lakini hujui nyuzi ziko umbali gani hadi uzifikie. Mimi ningeiacha na rangi yake ya asali, nikaifunga kwa klia mpya isizidi kuungua. Kuna mafundi wanaotia tone la rangi nyeusi kwenye klia ili kuua njano. Inaua njano na msuko pia. Ukimaliza una kipande cheusi ambacho hakuna atakayejua ni kaboni.

Klia inabanduka

Inaanza kwenye ukingo au kwenye tuta la boneti, mahali klia ilipokuwa nyembamba, halafu inakuwa na mipaka kama ramani. Kishawishi ni kupiga msasa pale palipobanduka tu na kupulizia juu yake. Usifanye hivyo. Klia iliyobaki kando imeshaachia chini hata kama inaonekana imeshika, na thina (kiyeyushi) ya klia mpya itaingia kwenye mpaka huo iunyanyue. Utaona mkunjo ukitokea mbele ya macho yako dakika chache baada ya kupuliza. Klia ya zamani inatoka yote, kutoka ukingo hadi ukingo.

Usitumie dawa ya kuondolea rangi, ile inayopakwa kwenye bodi ya bati. Haijui tofauti ya klia na epoksi. Italainisha vyote viwili. Moto mkali wa kupuliza nao ni hatari, kwa sababu epoksi nyingi hulegea kabla hata ya joto la maji yanayochemka, na kipande kikilegea hujikunja. Tumia kikwanguo cha plastiki kwa magamba yaliyolegea, kisha msasa wa maji namba 400 juu ya raba bapa. Vidole vitupu huacha mifereji ambayo hutaiona hadi klia mpya ing'ae. Hesabu mkono wako kwenye matuta: kama eneo tambarare linahitaji mapito kumi, tuta linahitaji matatu. Weusi ukichungulia kwenye maji, hama.

Klia ikishatoka, panda hadi namba 600, kisha 800. Kipande kilichokauka kitakuwa na ukungu wa kijivu uliosawazika. Mahali popote panapong'aa ni bonde ambalo msasa haujafika, na klia mpya haitashika hapo.

Kama umegusa nyuzi mahali popote, klia peke yake haitoshi. Nyuzi zilizo wazi hufyonza, klia inazama kwenye msuko inapokauka, na baada ya wiki kadhaa uso unakuwa na vibonde vinavyofuata miraba. Paka kwanza epoksi angavu, nyembamba, kwa brashi laini au kwa kidole chenye glavu. Ikishaganda kabisa, isawazishe kwa namba 400 hadi 800, kisha ndipo klia. Epoksi peke yake isiachwe iwe ya mwisho kwa kipande cha nje, hata ile iliyoandikwa kuwa inazuia jua. Itakuwa njano tena.

Kukausha kuna umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Msasa wa maji huacha unyevu kwenye vitundu na matundu ya skrubu. Ukiwa Kakamega, ambako mvua ya alasiri haina miadi, usipange kupiga msasa asubuhi na kupuliza jioni. Kiache kipande ndani ya nyumba hadi kesho yake.

Madoa meupe yaliyo ndani, hata ukilowesha

Klia haihusiki hapa. Rezini imeachana na nyuzi, au matabaka ya kitambaa yameachana yenyewe kwa yenyewe, na hewa imeingia katikati. Chukua sarafu ya shilingi 20, gonga kidogo kidogo ukielekea kwenye doa. Mahali pazima pana mlio mkali, mkavu. Palipoachana pana mlio mzito, mfu. Zungushia kwa kalamu kila mlio unapobadilika. Mara nyingi mpaka utakaouchora ni mkubwa kuliko doa linaloonekana.

Kama eneo ni dogo na ni la mapambo, unaweza kutoboa vitundu viwili vidogo kwa keekee, kimoja cha kuingizia epoksi nyepesi kwa sirinji na kingine cha kutolea hewa, kisha ukabana kwa ubao uliofungwa nailoni hadi igande. Weupe utapungua, hautaisha wote. Lakini kama mlio mfu uko karibu na kufuli ya boneti au bawaba, sahau urembo. Boneti inayofunguka kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret itakuja kwenye kioo cha mbele. Ama ubadilishe boneti, ama uimarishe kwa nyuma na ufunge pini za boneti kabla ya kufikiria kung'arisha.

Mipasuko isomwe hivyo hivyo. Nyufa nyembamba ambazo ukucha hauzisikii ziko kwenye klia. Ufa unaokamata ukucha, unaonekana pia mgongoni, au unatoa mlio mfu pande zake, umekata nyuzi.

Vitundu kama vya sindano

Viko kwenye makutano ya nyuzi, ni hewa iliyobaki kiwandani. Usitegemee klia kuvijaza: hewa itapanda na kupasua uso. Sugua epoksi kidogo kwa kadi ya plastiki ukivuka vitundu pande zote, iache igande, sawazisha, rudia kama bado.

Mapafu na ngozi

Vumbi la kaboni huwasha ngozi na, kwa kuwa linapitisha umeme, halifai kuingia kwenye redio wala swichi. Ng'oa kipande kwenye gari, piga msasa kwa maji, vaa glavu. Epoksi mbichi isiguse ngozi. Mwili ukishaikataa mara moja, huikataa maisha.

Klia ya kuchanganya na hadena, yaani dawa ya kuigandisha, ni jambo jingine kabisa. Hadena ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa ya wakati wa Korona haizuii chochote hapa, na hata ile ya vichujio vya kemikali inahitaji mahali pa wazi na vichujio vipya. Ushauri wangu ni huu: fanya msasa wote nyumbani, kwa sababu huko ndiko kazi ilipo na ndiko mafundi wanakokimbilia mkato, kisha mpelekee fundi mwenye chumba cha rangi apulize tu. Bei ya kupuliza kipande kilichoandaliwa tayari haifanani na bei ya kazi nzima. Mweleze tu, "Fundi, usiguse na msasa, nimeshafika 800." Atakutazama, lakini atapuliza.

Ukiamua kupuliza mwenyewe, kuna makopo ya kupuliza yenye hadena ndani, unayobonyeza kitako kuichanganya. Likishachanganywa linatumika ndani ya muda ulioandikwa, kisha linagandia humo humo. Makopo ya kawaida yasiyo na hadena yanafaa kipande cha ndani ya gari, nje hayadumu.

Klia imeshapakwa, na kuna kasoro

Vishimo vya mviringo vinavyofunguka klia ikiwa bado mbichi, kama kitu kinaifukuza, ni silikoni. Imetoka kwenye dawa ya dashibodi, au kwenye mikono iliyoigusa. Kuongeza klia nene hakuzibi, kunachimba zaidi. Acha ikauke, piga msasa hadi vishimo viishe, kisha safisha kwa dawa ya kuondoa grisi ukitumia vitambaa viwili: kimoja chenye dawa, kingine kikavu kinachofuata nyuma yake papo hapo. Kitambaa kimoja huhamisha silikoni kutoka hapa kwenda pale. Usitumie spiriti ya duka la dawa bila kusoma chupa, maana nyingine zina mafuta ya kulainisha ngozi.

Weupe wa maziwa unaotanda juu dakika chache baada ya kupuliza ni unyevu. Thina ikiruka huupoza uso, mvuke wa hewani unagandia juu yake. Kisumu hili hutokea zaidi, hasa mvua ikikaribia au usiku hewa ya ziwani inapotulia, na hutokea zaidi kwa makopo yasiyo na hadena. Kama ni kidogo, kipande kikihamishiwa mahali pakavu na penye joto weupe hutoweka wenyewe. Ukibaki, msasa mwepesi na koti (mpako) jingine la klia siku kavu, saa nne asubuhi hadi saa tisa.

Epoksi nayo ina namna yake ya kuchukia unyevu. Imeganda, lakini juu ina utando wa kuteleza kama imepakwa nta. Huo hauondoki kwa msasa, unasambaa tu na kuziba msasa. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sifongo ya kusugulia vyombo, kausha, ndipo upige msasa. Ukiuacha, klia itabanduka juu yake yote kwa kipande kimoja.

Haikauki, inabaki laini siku ya pili: angalia vipimo kwanza. Kupima kwa jicho ndiko kunakoharibu kazi nyingi za epoksi. Baadhi hupimwa kwa uzito na nyingine kwa ujazo, na vizibo vya soda si kipimo. Hadena ya ziada haiharakishi epoksi. Inaacha hadena iliyokosa mwenzake, na kipande kinabaki kunata milele. Kama vipimo vilikuwa sawa, basi ni baridi. Usiku wa Nakuru joto hushuka vya kutosha kuifanya epoksi ilale; iingize ndani, mbali na jiko la moto, na uipe siku moja zaidi. Kisumu mchana mambo hugeuka: epoksi uliyoacha kwenye kikombe kirefu hujipasha moto yenyewe, inatoa moshi na kugandia kabla hujafika nusu ya kipande. Changanya kidogo kidogo, mimina kwenye sahani pana.

Uso wenye vinundu vinundu, ule ambao mafundi huuita ganda la chungwa, maana yake klia ilifika ikiwa imeanza kukauka: bunduki ya kupulizia ilikuwa mbali, thina kidogo, au jua kali. Michirizi ni kinyume chake: karibu mno, nene mno. Vyote viwili vinaondolewa kwa msasa namba 1500 klia ikishakomaa, kisha 2000, 3000 na kompaundi. Mchirizi usiuguse ungali laini ndani, utauburuta.

Vijipovu vidogo vilivyonaswa chini ya uso ni thina iliyokosa njia ya kutoka kwa sababu koti la pili liliwahi. Heshimu dakika zilizoandikwa kwenye kopo kati ya koti na koti, na usiharakishe kwa kukiweka kipande juani.

Vumbi linaonekana sana juu ya weusi. Mwaga maji sakafuni kabla ya kupuliza, vaa nguo isiyotoa nyuzi. Kisumu usipulize jioni chini ya balbu. Wadudu wa ziwani huja kwa maelfu kufuata mwanga, na klia mbichi haimwachii aliyetua. Mdudu mmoja mtoe kwa ncha ya tepu mara moja au umwache hadi klia ikauke. Ukimfuata kwa kidole utakuwa na tatizo la mdudu na la kidole.

Mistari myeupe iliyonaswa chini ya klia mpya, inayoonekana juani tu, ni mikwaruzo ya msasa uliorukwa namba. Kutoka 400 moja kwa moja hadi klia ndiyo sababu. Haiondoki kwa polishi kwa kuwa iko chini. Unarudi hadi 800.

Kukirudisha kwenye gari

Klia ya hadena inaweza kuguswa kesho yake lakini inaendelea kukomaa kwa wiki kadhaa. Usiipake nta kwa mwezi wa kwanza, osha kwa maji na sabuni laini tu, na mwambie anayeosha gari asifute kavu.

Kabla ya kufunga, angalia skrubu za zamani. Kama zina unga mweupe shingoni, ni alumini iliyoliwa kwa kugusana na kaboni penye unyevu. Kaboni hula alumini kama vile metali mbili tofauti zinavyolana. Badilisha kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, weka washa ya nailoni kila upande, na upake klia kidogo kwa brashi ndani ya matundu, maana hapo ndipo nyuzi huwa wazi na ndipo maji huanza kuingilia. Kaza kwa mkono, si kwa mashine. Kichwa cha skrubu kikiizungushia klia ufa, kubanduka kutaanzia hapo.